Waliificha kwa Plasta, Kumbe Wameiokoa

Mwaka jana nilimhariria jamaa fulani video, nikakesha siku mbili. Video ikaenda mbali sana. Jina langu? Halikuwa popote. Nilipouliza nikajibiwa, "Kwani wewe ni nani?" Tangu siku hiyo nikaanza kufuatilia watu waliofanya kazi kubwa zamani, nione majina yao yaliishia wapi. Ndio nikafika Autun.

Autun ni mji mdogo wa Burgundy, Ufaransa. Kanisa lake kuu la Mtakatifu Lazaro lilianza kujengwa karibu mwaka 1120, na Papa Innocent II akaliweka wakfu 1130 mafundi wakiwa bado kazini. Ni mjengo wa mtindo wa Kiromaneski, ule wa kuta nene na mawe ya kuchongwa yanayosimulia hadithi. Watu wa Autun walisema wanayo mifupa ya Lazaro, yule aliyefufuliwa, na mahujaji walikuwa wanamiminika.

Sasa simama mlango wa magharibi uangalie juu. Kuna nusu duara la mawe, upana zaidi ya mita 6, limechongwa Siku ya Hukumu. Yesu yuko katikati, mkubwa kuliko wote. Upande mmoja roho zinapimwa kwenye mizani, na shetani anajaribu kuvuta mizani upande wake. Corruption haijaanza leo, bana. Chini yake mikono miwili mikubwa imetokea juu ikamkamata mtu kichwa, na huoni ni mikono ya nani. Upande wa waliookoka kuna mahujaji wawili na mifuko yao, mmoja una alama ya msalaba, mwingine ya kombe la baharini. Hebu fikiria wewe ni hujaji umetembea wiki nzima, halafu unajiona hapo juu kwenye jiwe.

Na chini ya miguu ya Yesu kabisa kumeandikwa kwa Kilatini: Gislebertus hoc fecit. Gislebertus ndiye alifanya hii.

Miaka 600 na kitu baadaye, mwaka 1766, mapadri wa kanisa hilo, watu wasomi, waliona hiyo kazi ni ushamba. Wakaifunika yote kwa plasta. Kichwa cha Yesu kilikuwa kimetokeza, kikazuia plasta kukaa vizuri, basi wakakikata. Mlango wa kaskazini nao ukavunjwa, mawe yake yakaenda kujengea nyumba.

Halafu 1789 mapinduzi yakaanza. Sanamu za makanisa zikavunjwa sehemu nyingi Ufaransa. Zile za mlango wa Autun hakuna aliyezigusa, kwa sababu hakuna aliyeziona. Dharau ya wale mapadri ndiyo iliziokoa.

Plasta ilitolewa 1837. Mwaka 1856 nyumba moja ikibomolewa, Hawa wa ule mlango wa kaskazini akapatikana, ametumika kama jiwe la kawaida. Amejinyoosha katikati ya majani kama anaogelea, mkono mmoja unachuma tunda nyuma yake bila hata kuangalia, mwingine uko shavuni kama anayenong'ona. Kichwa cha Yesu kilirudishwa mahali pake 1948. Miaka 182 mbali na mwili wake!

Nilitaka kumalizia hapa niseme, mnaona, Gislebertus aliandika jina ndio maana tunamjua. Lakini mwaka 1999 mwanahistoria Linda Seidel alitoa kitabu akisema huenda huyo Gislebertus hakushika patasi kabisa, kwamba ni jina la mkuu fulani wa enzi za nyuma. Wengine bado wanasema ni fundi. Na hata kama ni fundi, wale waliobeba na kukata mawe pamoja naye hawakuandikwa.

Hiyo iliniuma kiasi. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kuonyesha mtu, kwa hivyo jina kwenye kazi ndio kitu pekee nilicho nacho. Bado nitaliandika, na nitaandika pia la anayenishikia kamera.

Wewe je, kazi yako ya mwisho iliandikwa jina la nani?