Dalali Ni wa Nani? Mkanganyiko wa Karne Nzima katika Soko la Nyumba Marekani

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Mmarekani aliyetaka nyumba alianza kwa kutafuta dalali. Dalali alimpakia kwenye gari lake, akamzungusha mitaani tangu asubuhi, akamfungulia nyumba tano au sita, na njiani akamuuliza ana watoto wangapi, anafanya kazi wapi, ameweka akiba kiasi gani. Kufikia jioni walikuwa wameshazoeana. Basi mnunuzi akisema, kwa nia njema kabisa, “Tuanze na dola 80,000, lakini wakikaza naweza kufika 88,000,” sheria ilimtaka dalali yule ayafikishe maneno hayo kwa muuzaji.

Hakuhesabika kuwa tapeli kwa kufanya hivyo. Kisheria hakuwa dalali wa mnunuzi hata kwa dakika moja. Alikuwa mtu wa muuzaji ambaye pengine hajawahi kumtia machoni.

Asili ya mpango huu ni mazoea ya mwishoni mwa karne ya 19. Madalali wa mji mmoja walikuwa wakikutana kwenye ofisi za vyama vyao na kuelezana nyumba walizokabidhiwa. Dalali aliyekabidhiwa nyumba aliahidi kumgawia kamisheni mwenzake yeyote atakayeleta mteja. Mwaka 1908 vyama vya miji vikaungana jijini Chicago kuunda chama cha kitaifa, ambacho leo kinaitwa National Association of Realtors, na mwaka 1913 kikaandika kanuni zake za maadili. Mtindo wa kubadilishana habari za nyumba ukakua hadi kuwa orodha ya pamoja, ambamo nyumba iliyosajiliwa na ofisi moja ilionekana na ofisi zote za eneo lile.

Orodha hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, na kulikataa hilo ni kukosa haki. Lakini kanuni zilizokuja kuitawala zilibeba jambo zito. Dalali aliyeingiza nyumba kwenye orodha alihesabiwa kuwa amewaalika wenzake wote wawe wasaidizi wa muuzaji. Aliyeupokea mwaliko kwa kuleta mteja akawa wakala wa muuzaji kupitia kwa mwenzake. Utii, uaminifu, utunzaji wa siri, wajibu wa kueleza kila alichosikia: vyote vilielekea upande mmoja. Mnunuzi alikuwa peke yake mezani, naye akidhani wako wawili.

Njia ya fedha ilizidi kuficha mambo. Kamisheni, mara nyingi asilimia 5 au 6 ya bei, ilikatwa kwenye mauzo siku ya kukabidhiana, kisha madalali wawili wakagawana. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba chama cha madalali wa jiji la Washington kilivunja sheria ya ushindani kwa kuwapangia wanachama viwango vya kutoza. Viwango vya lazima vikapigwa marufuku, mazoea yakabaki. Muuzaji alihesabiwa kuwa ndiye mlipaji, ingawa fedha zote zilitoka kwenye hundi ya mnunuzi na mkopo wake wa benki.

Mwaka 1983 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa ripoti kuhusu biashara hii. Iligundua kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wanunuzi waliamini dalali aliyewatembeza alikuwa anawatetea wao. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa aliyevaa nguo ile hakuwa na habari. Watu hawa hawakuwa wazembe. Anayemwona mtu akimtafutia nyumba, akimpigia simu usiku na kumshauri kuhusu shule za mtaa ana kila sababu ya kumhesabu kuwa wake. Wa kulaumiwa ni taaluma nzima iliyojua ukweli na kunyamaza.

Baada ya hapo majimbo yakaanza kuamka. California iliwalazimu madalali, kuanzia 1988, kumpa kila mteja karatasi inayoeleza wanamwakilisha nani. Pigo lililowatikisa zaidi lilitoka Minnesota mwaka 1993. Huko mahakama iliamua kwamba kampuni kubwa ya Edina Realty iliwawakilisha wauzaji na wanunuzi kwa wakati mmoja bila kuwaeleza vya kutosha maana ya jambo hilo, na kwamba sentensi iliyochapwa kwenye mkataba wa mauzo haikutosha. Katika miaka hiyohiyo chama cha kitaifa kiliacha kulazimisha uwakala wa muuzaji kupitia orodha. Mnunuzi akaweza kuwa na dalali wake.

Je, ikiwa dalali wake na dalali wa muuzaji ni wa kampuni moja? Swali hilo lilijibiwa na nyumba moja ya Malibu, California. Mwaka 2007 mkazi wa Hong Kong aliinunua kwa dola milioni 12.25. Kipeperushi cha dalali wa muuzaji kilisema ina takriban futi za mraba 15,000 za makazi. Kibali cha ujenzi kilisema nyumba kuu ni futi 9,224. Wateja wengine waliotangulia walikuwa wameshauriwa na dalali huyo kuajiri mtaalamu wa kupima ukubwa, lakini huyu hakupewa ushauri huo kwa maandishi. Aliigundua tofauti mwaka 2009, alipokuwa anajiandaa kufanya kazi kwenye nyumba hiyo.

Dalali wa muuzaji alijitetea kwamba mnunuzi hakuwa mteja wake, kwani alikuwa na dalali wake kutoka ofisi nyingine ya kampuni ileile. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya California iliukataa utetezi huo. Kampuni ndiyo wakala, mahakama ikasema, na kama kampuni ina wajibu kwa mnunuzi wa kuchunguza na kumfunulia mambo yanayogusa thamani ya nyumba, basi kila dalali aliye chini yake kwenye biashara ile anaubeba wajibu huo. Ni uamuzi wa haki, kwa sababu kamisheni ya pande zote mbili ilikuwa inaingia nyumba moja.

Si majimbo yote yamepita njia hiyo. Florida na Colorado, pasipo mkataba unaosema vinginevyo, humchukulia dalali kuwa msaidizi wa biashara asiyemtetea yeyote.

Safari hii wauzaji nao walisimama. Walilalamika kwamba, hata baada ya mnunuzi kupata dalali wake, wao bado walilazimika kumlipa dalali huyo anayewapinga mezani. Tarehe 31 Oktoba 2023 juri mjini Kansas City, Missouri, liliwapa fidia ya takriban dola bilioni 1.8 dhidi ya chama cha kitaifa na makampuni makubwa ya madalali. Machi 2024 chama kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, dalali anayetumia orodha ya pamoja hawezi kumtembeza mnunuzi kwenye nyumba kabla hawajatia saini mkataba unaotaja malipo yake waziwazi, na malipo ya dalali wa mnunuzi hayatangazwi tena kwenye orodha.

Mkataba huo hauhitajiki kwa anayeingia mwenyewe kwenye nyumba iliyofunguliwa kwa umma ili kuitazama. Dalali anayempokea pale mlangoni kwa kawaida amewekwa na muuzaji, na bei ya juu ambayo mgeni yuko tayari kuifikia ni habari anayotakiwa kuipeleka kwa aliyemweka.