Mshumaa, Mti na Nyota: Asili ya Desturi za Krismasi Nyumbani

Sikukuu ya kuzaliwa kwake Bwana ina majina mawili katika Kiswahili. Wengine husema Noeli, neno tulilolipata kwa Wafaransa, nao walilipata katika Kilatini, na maana yake ni kuzaliwa. Wengine husema Krismasi, neno la Kiingereza, ambalo asili yake ni Misa ya Kristo. Majina yote mawili yahubiri. Lakini mtoto ayatamkaye hasikii mahubiri hayo, asipokuwapo mtu wa kumfasiria. Na desturi za sikukuu hii nyumbani zina hali iyo hiyo. Karibu kila moja ilianza kwa neno, kisha neno likaanguka njiani, kitu kikaendelea peke yake.

Ibada ya tarehe 25 Desemba ni ya zamani sana. Kalenda iliyokusanywa Roma mwaka 354 yaitaja. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kanisa. Hata Fransisko wa Asizi, alipoweka hori yenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda huko Greccio mwaka 1223, aliwaita watu waje mahali pa ibada. Habari ya nyumbani ni nyingine, nayo twaiona vizuri zaidi katika nchi za Wajerumani.

Tuanze na mti. Katika kalenda ya kale tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, na watu waliigiza habari ya bustani ya Edeni kwa mti mbichi uliotundikwa matofaa. Hapo yaelekea ndipo ulipotoka mti wa nyumbani. Habari iliyoandikwa Strasbourg mwaka 1605 yasema kwamba watu waliweka misonobari vyumbani mwao, wakaitundika matofaa, mikate myembamba, vitu vitamu, na mawaridi ya karatasi za rangi. Mwenye kuijua Biblia aweza kusoma mti huo kama kitabu: tunda la anguko, na kando yake mkate ufananao na ule wa Meza ya Bwana. Lakini katika miaka ya 1640 mwalimu wa teolojia wa mji uo huo, Johann Konrad Dannhauer, aliushutumu mti huo kuwa mchezo wa watoto, ambao watu waliushughulikia kuliko Neno la Mungu. Akaongeza ya kwamba hajui desturi hiyo imetoka wapi. Msomaji na aone jambo hili. Ilipita miaka kama arobaini tu, na mtu mwenye elimu kuu katika mji wenyewe hakuweza kueleza maana ya kitu kilichosimama katika nyumba za jirani zake. (Wale wasemao kwamba Luther ndiye aliyeuwasha mti wa kwanza wasimulia hadithi nzuri, lakini haina ushahidi.)

Wako walioona dawa ni kuifuta sikukuu yenyewe. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku, na mwaka 1659 wenye kutawala Massachusetts walitoza faini ya shilingi tano kwa mtu aliyeishika, sheria iliyodumu hata mwaka 1681. Hao walikuwa wacha Mungu, wala sipendi kuwadhihaki. Walichukia ulevi na kamari vya siku hizo, na haki walikuwa nayo. Ila walipoutoa ulevi waliitoa na nafasi ya baba kuketi na watoto wake na kuwaeleza kwa nini siku hii si kama nyingine.

Njia iliyo bora ilionekana kwa Wamoravian. Katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1747, huko Marienborn, mchungaji wao Johannes de Watteville aliwakusanya watoto, akawaeleza ya kuwa Mwana wa Mungu aliyezaliwa amewasha mwali katika moyo wa kila aaminiye. Kisha akampa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu. Watoto wakarudi makwao na mishumaa yao ikiwaka. Neno lilitangulia, mshumaa ukafuata; na mtoto ndiye aliyeupeleka moto nyumbani, hata mzazi ambaye hakuwapo akauliza, akajibiwa na mwanawe. Desturi hiyo yaishi hata leo. Baadaye mshumaa ulichomekwa katika chungwa, kuwa mfano wa ulimwengu, na tangu mwaka 1968 makanisa mengi ya Uingereza yameipokea.

Johann Hinrich Wichern alifanya vivyo. Yeye alianzisha mwaka 1833, karibu na Hamburg, nyumba ya kulea watoto maskini. Husimuliwa ya kwamba watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la gari, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za juma na mikubwa minne ya Jumapili za Majilio. Kila siku waliwasha mmoja zaidi, wakaimba na kuomba. Hivyo hesabu ikawa sala. Nyumba za watu zilipoiga, gurudumu likapungua likawa taji la majani mabichi lenye mishumaa minne tu, maana si kila meza ina nafasi ya gurudumu.

Wamisionari wa watu hao ndio waliofika kwetu: Wamoravian Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig Kilimanjaro mwaka 1893. Huko Kilimanjaro jambo moja lastahili kuangaliwa. Kila Desemba Wachaga warudi mlimani kutoka miji yote, mnyama huchinjwa, na nyama hugawiwa kwa kadiri ya heshima ya kila mtu. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi huko tangu mwaka 1902 hata 1938, alifundisha kwamba ukoo na ujirani si adui wa kanisa bali ni udongo wa kulipandia. Zamani mzee hakuruhusu kisu kabla ya kutamka maneno. Basi mahali pa neno palikuwapo tayari kabla ya Injili. Siku hizi naona nyumba nyingi mahali hapo pamejazwa na muziki, na mzee ameketi kimya akingoja kipande chake. Mwalimu akialikwa asihubiri yeye. Ampe mzee Luka sura ya pili asome, au mjukuu amsomee.

Na nyota ya Wamoravian? Ilianza katika shule yao ya Niesky, mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo wanafunzi walijifunza jiometria kwa kukata na kugundisha pembe za karatasi. Mwaka 1897 kiwanda kiliwekwa Herrnhut, nayo ikawa bidhaa. Hata hivyo nyota ya karatasi huuzwa ikiwa vipande vipande: pembe 17 zenye pande nne, na 8 zenye pande tatu. Jamaa hukaa mezani Jumapili ya kwanza ya Majilio, nao huiunga wenyewe.