Nani Anaweza Kugeuka?

Asubuhi za Jumamosi, Jebel Kujur, mlima unaotazama mji wa Juba, hubeba watu wa aina mbili. Wa kwanza wanapanda kwa viatu vya mazoezi, chupa ya maji mkononi, wakauone mji na mto Nile kutoka juu. Wa pili ni wanawake walioketi chini ya vivuli vya magunia, wakigonga kokoto. Mmoja anashika jiwe kwa vidole viwili, anageuza uso, anafumba jicho, nyundo inashuka. Kule kugeuza uso ndiyo miwani yake.

Kiswahili kimezipa hatari hizi vitenzi viwili: kujihatarisha na kuhatarishwa. Wa juu amejipeleka. Wa chini amepelekwa na njaa. Zamani niliona mgawanyo huo unatosha. Kifo cha Cheruiyot Kirui kilinibadilisha.

Mei 2024, Mkenya huyo, mfanyakazi wa benki, alikuwa akielekea kilele cha Everest, mita 8,849, bila oksijeni ya mtungi. Tangu Reinhold Messner na Peter Habeler wafike hivyo mwaka 1978, wapanda milima wanaihesabu njia hiyo kuwa heshima kuu: unaukabili mlima ulivyo, kwa pumzi zako mwenyewe. Naielewa shauku hiyo, na simlaumu. Lakini hakuwa peke yake. Pembeni yake alikuwepo Nawang Sherpa, Mnepali aliyekuwa kazini, na ndiye aliyetoa taarifa kwa redio kwamba Kirui anakataa kurudi na anakataa oksijeni. Mwili wa Kirui ulipatikana karibu na kilele. Nawang hakuonekana tena.

Ubongo ukikosa hewa, busara hutangulia kuondoka. Aliyeamua akiwa kambini siye tena anayekataa mtungi kule juu. Hapo hata aliyejihatarisha amekwisha kuwa dhaifu, na uzito wa uamuzi wake unamwangukia aliyelipwa asimwache. Tulimlilia Kirui kwa jina. Wengi wetu Nawang tulimwita “mwongozaji wake”. Hilo bado linaniuma. Familia ya Kirui ndiyo iliyopima vizuri kuliko sote: ilikubali mwili ubaki mlimani, asife mwingine kwa kuufuata.

Kulikuwa pia na namna nyingine ya kuuheshimu mlima. Wazee wa Kikuyu waliuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakiomba, na kuukanyaga mlima haikuwa sehemu ya ibada. Huku Juba nako, kujur ni mganga, mtu wa mizimu, na jina lake limebaki juu ya mlima unaochongwa kila siku. Mapokeo hayo yaliweka mpaka kati ya mtu na kilele. Kwa mwenye nyundo hayakuacha kinga yoyote, wala sitayasifu kana kwamba yaliacha.

Wapandaji wanaposhuka, wanawake husimamisha nyundo ili vipande visiwarukie. Wakishapita, kazi inaendelea.