Sanamu Isiyo na wa Kuiogesha

Msikilizaji, Wahindu humwabudu Mungu kwa sura nyingi, na mojawapo ni ya Shiva akicheza ngoma. Sura hiyo huitwa Nataraja, yaani bwana wa ngoma. Waliomsubu kwa shaba wakasifika duniani ni mafundi wa wafalme wa Chola, waliotawala kusini mwa India, hasa katika jimbo la leo la Tamil Nadu, tangu karne ya 9 hadi ya 13. Fundi alifinyanga sura kwa nta, akaifunika kwa udongo na kuichoma mpaka nta ikayeyuka na kutoka. Ndipo akamimina shaba ya moto. Kalibu ilivunjwa ili kuitoa sanamu, na kwa hiyo hakuna mbili zilizofanana kabisa.

Kila kiungo kina maana yake. Mkono mmoja umeshika ngoma ndogo, nayo ni kuumbwa kwa ulimwengu. Wa pili umebeba moto, nao ni kuangamia kwake. Wa tatu umeinua kiganja kumwambia mja asiogope. Wa nne unaelekeza kwenye mguu ulioinuliwa, ambako ndiko kwenye kimbilio. Chini ya mguu mwingine amekanyagwa mbilikimo, ambaye ni ujinga.

Kwa waumini, sanamu hii si pambo. Ikishawekwa wakfu, huhudumiwa kama mfalme aliye hai. Huamshwa asubuhi, huogeshwa kwa maji, maziwa na liwa, huvishwa nguo na maua, na huandaliwa chakula. Siku ya sikukuu hubebwa kuzungushwa mitaani. Ndiyo maana baadhi ya sanamu kongwe zimelika nyuso kwa kuogeshwa miaka na miaka. Zile ndogo za nyumbani husuguliwa kwa ukwaju au ndimu, kisha husuuzwa na kukaushwa vizuri, kama akina mama wa pwani yetu wafanyavyo kwa sinia zao za shaba.

Sasa tazama yaliyotokea katika kijiji cha Sripuranthan, Tamil Nadu. Hekalu lao la kale lilikuwa limedorora. Ibada ya kila siku ilikoma na mlango ukafungwa. Mwaka 2008 maofisa walifika ili kuzihamishia sanamu mahali pa usalama, wakakuta hazipo. Mwaka huohuo Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, mjini Canberra, lilinunua Nataraja kwa dola milioni 5 za Kimarekani kutoka kwa mfanyabiashara wa New York. Picha za zamani zilizopigwa hekaluni ndizo zilizosaidia kuonyesha kuwa alikuwa yuleyule. Mfanyabiashara huyo alikamatwa Ujerumani mwaka 2011. Septemba 2014 Waziri Mkuu wa Australia, Tony Abbott, aliirudisha sanamu mikononi mwa mwenzake wa India, Narendra Modi.

Mwizi ni mwizi, na lawama ni yake. Hata hivyo, hebu tujiulize: angewezaje kuiba mungu anayeogeshwa kila asubuhi, bila kelele kupigwa siku ileile? Alipata nafasi kwa sababu palikuwa hapana wa kuuliza.

Tena, hata sanamu ziliporudi, nyingi hazikurejea madhabahuni. Ziliwekwa katika hifadhi za serikali, chini ya kufuli, kwa kuhofia wezi. Zinalindwa, lakini hazipati ile huduma ya kila siku iliyokuwa sababu ya kusubiwa kwake.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni daftari, na liliwafaa watu wa Sripuranthan. Lakini daftari husaidia kukitafuta kilichokwisha kupotea. Kisipotee kabisa, panahitajika mtu anayefungua mlango kila siku na kutazama ndani.