Goti la Beki

Ukisimama steji ya Kitale alfajiri utaona malori yakigeuza pua kuelekea kaskazini. Mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia, magodoro. Barabara ni ile moja tu: Kapenguria, mteremko wa Marich, Lokichar, Lodwar, kisha Kakuma. Sisi tuliokulia Kitale tunaijua Kakuma kama mahali malori yanakoenda. Waandishi wa ng'ambo wamezoea kuandika kwamba jina hilo kwa Kiswahili maana yake ni "pasipo mahali". Mimi Kiswahili nimekinyonya, na bado sijui hicho ni Kiswahili cha wapi.

Sikuwa nikiitafuta Kakuma wiki hiyo. Nilikuwa nikitafuta habari za magoti.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni kule Bungoma. Ni beki wa kati. Jumatano usiku alinipigia kwa simu ya kuazima, akinong'ona. "Bro, nimeruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, goti likalia ko. Limefura kabla hata prep haijaanza. Jumamosi ni fainali. Kochi anasema nifunge bandeji. Nicheze ama?"

Nikamwambia nipe siku moja. Yeye anajua kwa nini alinipigia mimi wala si Mama. Mimi pia nilikuwa beki, goti langu pia lililia ko, na mimi nilicheza.

Basi nikaingia kwenye intaneti na bando la shilingi hamsini, nikaandika maneno mawili: beki, goti. Baada ya kupotea potea nikakutana na mtu anaitwa Aliir Aliir. Mchezo wake si soka. Ni futiboli ya Australia: mpira umbo la yai, uwanja wa duara uliovutwa, wachezaji 18 kila upande, milingoti minne kila mwisho. Ukipitisha katikati, pointi sita. Hakuna kofia wala pedi za mabega, na beki kazi yake kubwa ni kuruka juu ya kundi la watu na kuudaka mpira hewani kabla mshambuliaji hajaufikia. Kuruka na kutua, mechi nzima. Kwa magoti huo ni mchezo wa mateso.

Aliir alizaliwa Kakuma, Septemba 1994. Nikarudia kusoma. Kakuma hii yetu, ya malori.

Kambi ilikuwa na miaka miwili tu. Mengistu alipoanguka Ethiopia mwaka 1991, maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wamejihifadhi kule walifukuzwa, wakatembea kurudi Sudan, kisha wakavuka kuingia Turkana. Kambi ikafunguliwa 1992 kwa ajili yao. Wazazi wa Aliir walikuwa miongoni mwa waliokimbia vita hivyo hivyo. Familia ikapokelewa Australia akiwa bado mtoto, akaujua mchezo akiwa tayari kijana, na mwaka 2013 klabu ya Sydney Swans ikamchukua akiwa namba 44 katika mchujo wa wachezaji wapya.

Alianza kucheza ligi kuu 2016. Msimu wake wa kwanza, na Sydney wakafika nusu fainali dhidi ya Geelong. Wakashinda, lakini Aliir akatoka na goti: kano ya upande wa ndani. Fainali ilikuwa wiki moja baadaye, Melbourne, mbele ya watu karibu laki moja. Hakucheza.

Hapa nilitulia sana, kwa sababu upande wa pili wa fainali hiyo hiyo kulikuwa na beki mwingine. Western Bulldogs hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1954. Kapteni wao, Bob Murphy, alikuwa ameitumikia klabu hiyo tangu ujanani, na mapema msimu huo kano ya mbele ya goti lake ilikatika. Timu yake ikafika fainali bila yeye, ikashinda 89 kwa 67. Pale jukwaani kocha Luke Beveridge akavua medali yake mwenyewe, akamwita Murphy, akamvisha. Nimeitazama video hiyo mara nne, bando likaisha. Uso wa Murphy ni wa mtu anayefurahi na kuzikwa kwa wakati mmoja. Baadaye aliirudisha medali. Mwaka uliofuata alistaafu, bila ubingwa wowote uwanjani.

Goti lina kano kubwa nne. Ile ya ndani, kama ya Aliir, mara nyingi hupona yenyewe ukiipa wiki kadhaa. Ile ya mbele, kama ya Murphy, ikikatika haijiungi. Mchezaji kwa kawaida anahitaji upasuaji, na kurudi ni miezi tisa au zaidi. Dalili yake? Mlio, halafu kufura ndani ya saa chache.

Soma tena nilichoambiwa kwa simu.

Sisi pia tuna wetu. Brian Mandela, beki wa Harambee Stars, amezaliwa 1994 kama Aliir. Juni 2019 Kenya ilikuwa inarudi Kombe la Afrika mara ya kwanza tangu 2004, timu ikapiga kambi Marcoussis, Ufaransa. Goti likaumia mazoezini. Wenzake wakaenda Misri, wakaifunga Tanzania 3-2, yeye akibaki na goti lake. Mwaka uliofuata Mamelodi Sundowns wakamsajili. Hilo nataka mdogo wangu alisikie.

Aliir naye, 2017 alicheza mechi chache tu. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na 2021 akachaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Lakini usidhani kule kila kitu ni sawa. Julai 2023 aligongana vichwa na mwenzake, akarudishwa uwanjani bila kupimwa inavyotakiwa. Ligi ikaipiga klabu faini ya dola 100,000. Kwa hiyo hata kwao kuna wa kusema "funga bandeji". Tofauti ni kwamba kuna pia wa kumtoza.

Langu mimi lilifungwa bandeji na mwalimu ambaye leo simlaumu sana. Alipenda kikombe kuliko sisi, basi. Nilicheza dakika sabini. Kukhu akanikanda mwezi mzima kwa maji moto na chumvi. Picha ya mashine kubwa, ile inayoonyesha kano, ilikuwa bei ya karo ya muhula, tukachagua karo. Halafu hata chuo nikakiacha mwaka wa pili, kwa hiyo sina goti wala digrii, nina makala. Mvua ikikaribia Mlima Elgon goti linaniambia kabla ya redio.

Ijumaa nilipanda matatu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, Bungoma. Nilimkuta kwenye benchi nje ya bweni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti kama papai. Nikamweleza yote: Kakuma, nusu fainali, medali, Mandela. Alisikiliza vizuri kuliko anavyosikilizaga.

"Huyo wa Kakuma," akasema, "fainali hakucheza?"

"Hakucheza."

"Na timu yake ikashindwa?"

"Ikashindwa. Pointi ishirini na mbili."

Akatazama uwanja, ambako wenzake walikuwa wanapasha misuli.

"Angecheza wangeshinda," akasema.

Sikuwa na jibu. Nimewaza hivyo hivyo miaka yote kuhusu mechi ambayo mimi nilicheza na tukafungwa. Nikamwomba bandeji. Akaitoa mfukoni, akaishika kidogo, halafu akanipa, huku kochi akija kwetu kutoka upande wa goli.