Je, pigo hughairiwa? Kutoka bao la Kiswahili hadi dadu

Leo naweka hifadhidata pembeni (nitazirudia, msijali) tuzungumzie ubishi unaozuka kila penye mchezo wa zamu: umeshasema utafanya nini, kisha hali ikabadilika kabla hujatenda. Unaruhusiwa kughairi?

Chukua mfano kutoka michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya karatasi, penseli na dadu kama Dungeons & Dragons. Mchezaji anatangaza: "Nampa dawa mwenzetu aliyejeruhiwa." Kabla zamu yake haijafika, adui anammaliza majeruhi. Dawa ilikuwa chupa moja tu. Je, imemwagika, au bado iko mfukoni? Je, anaweza kushika upanga badala yake? Hapa Nambale swali hili liliwahi kutununisha watu watano kwa wiki 2, maana marehemu alikuwa mhusika aliyelelewa na mchezaji wake kwa miaka 3. Ndipo nikaanza kuchimba wengine walilijibu vipi.

Tuanze nyumbani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Katika hatua ya namua, kila mchezaji ana shimo moja kubwa liitwalo nyumba. Ukiwa umekula kete za mwenzako, unasambaza, na ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako bila kula tena, sheria inakupa hiari: lala hapo, au chota kete zote za nyumba uendelee. Kuendelea huko kunaitwa safari. Ukisafiri, nyumba imekwenda, haitarudi kuwa nyumba tena mpaka mchezo uishe. Kumbe wazee wetu walishaweka njia panda katikati ya tendo, lakini mahali pamoja panapojulikana, na kwa bei inayojulikana. Kete zilizokwisha kusambazwa hazirudi mkononi. Na kama zamu yako ilikuwa ya takata (hukula kitu), hiari hiyo huna kabisa: kete ikifika kwenye nyumba, umelala.

Ulaya jibu lilitoka jeshini. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, von Reisswitz mdogo, alitoa mchezo wa vita uitwao Kriegsspiel, akiendeleza kazi ya baba yake. Kila zamu iliwakilisha dakika 2. Wachezaji waliandika amri zao kwenye karatasi na kumkabidhi mwamuzi. Amri ikiwa ya kikosi cha mbali, mwamuzi aliizuia mpaka muda wa tarishi kufika upite. Hapa ndipo nilipopapenda: kughairi hakukukatazwa. Uliandika amri nyingine, nayo ikasafiri kwa farasi kama ile ya kwanza. Ikichelewa, askari wako wameshavuka mto.

Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka 1959, ulikuwa mkali zaidi: wote wanaandika amri kwa siri, zinafunuliwa pamoja, na baada ya hapo hakuna kujitetea. Mwaka 1971 Chainmail ya Gary Gygax na Jeff Perren nayo ilikuwa na njia ya kuandika amri kabla ya kusogeza majeshi. Kutoka kwenye familia hiyo ndiyo ikazaliwa Dungeons & Dragons ya Gygax na Dave Arneson, 1974.

Toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, 1989, lilifuata utaratibu huu: mwendesha mchezo anaamua kimoyomoyo maadui watafanya nini, wachezaji wanatangaza matendo yao, ndipo dadu inaamua nani aanze. Mchawi akipigwa kabla hajamaliza uganga wake, uganga umepotea. Hofu hiyo ilikuwa tamu, lakini ubishi wa chupa ya dawa unazaliwa papo hapo, katika pengo kati ya kutangaza na kutenda.

Toleo la tatu, 2000, liliziba pengo: unaamua zamu yako ikifika. Anayetaka kusubiri anaweza kuahirisha zamu, au kuweka tendo tayari kwa sharti, mfano "adui akifungua mlango, napiga mshale." Mlango usipofunguliwa, mshale haukurushwa na nafasi imepita. Toleo la 2014 liliondoa kuahirisha, likabakiza tendo la sharti. Na ukiweka uganga tayari kisha sharti lisitimie, nguvu yake imekwisha tumika.

Sisi waandika programu tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kabla muamala haujathibitishwa, hifadhidata inaweza kuufuta kana kwamba haukuwahi kuwepo. Ukishathibitishwa, haufutwi, unaandika mwingine wa kuufidia. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walieleza hivyo namna ya kushughulikia miamala mirefu: kila hatua iwe na hatua yake ya kufidia. Kurudisha pesa za simu zilizokwenda namba isiyo yake ni hivyo hivyo. Ule wa kwanza unabaki kwenye kumbukumbu, na kama aliyepokea ameshatoa pesa, kazi unayo.

Ukiziweka sheria hizi zote pamoja, utaona swali "kughairi kunaruhusiwa?" halitoshi. Maswali ni mawili: tendo linathibitika lini, na nani analipa gharama ya mabadiliko? Ubishi unawaka pale mwendesha mchezo anapojibu kwa kuangalia sura ya anayeuliza. Meza yetu sasa ina sheria 3, zimebandikwa ukutani:

1. Kabla ya zamu yako kufika, unaweza kubadili tendo mara moja, na ukibadili unatenda mwisho wa raundi.
2. Ulichokwisha kutumia (dawa iliyofunguliwa, mshale uliorushwa) hakirudi.
3. Lengo likitoweka kabla hujaanza, hujatumia kitu.

Kwa sheria ya 3, chupa ilibaki mfukoni. Marehemu naye alibaki marehemu. Sheria hazirudi nyuma. Lakini mwenye mhusika alikubali, kwa kuwa safari hii alijua uamuzi ule ule ungemwangukia yeyote kati yetu.