Usuluhishi au uamuzi?

Kwa miaka mingi mabaki ya kinu cha madini cha Kolwezi yalimwagwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Tope hilo lina shaba na kobalti. First Quantum ya Kanada ilikuwa na kibali cha kulichakata, mpaka serikali ya Kongo ilipoufunga mradi mwaka 2009. Februari 2010 kampuni yake tanzu na washirika wakaidai serikali, lakini si Kolwezi wala Kinshasa. Walikwenda Paris, kwenye Chemba ya Kimataifa ya Biashara.

Mwanasheria wa Kolwezi huita njia hiyo, kwa Kifaransa, *arbitrage*. Kiswahili kimezoea kuiita usuluhishi, na hapo ndipo ninapopinga. Usuluhishi umezaliwa na suluhu: wazee wanaketi na wagomvi, kila mmoja analegeza kidogo, wanapeana mikono. Asiyeridhika huondoka zake. Huko Paris hakuna kulegeza. Waamuzi husikiliza, hukata shauri, na aliyeshindwa hulipa. Rufaa ya kawaida haipo.

Tanzania yenyewe imeyumba. Sheria ya mwaka 2020 juu ya jambo hili huitwa Sheria ya Usuluhishi, ilhali chombo cha migogoro ya kazi huitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambamo usuluhishi ni kupatanisha na uamuzi ndio *arbitrage*. Mimi nafuata tume. Mkongo ana sababu ya ziada: *arbitre* kwake ni mtu yuleyule mwenye filimbi uwanjani, ambaye watangazaji wa Kiswahili humwita mwamuzi. Mwamuzi akitoa penalti hajapatanisha timu.

Tazama mwisho wa shauri lenyewe. Januari 2012 ENRC, kampuni yenye asili ya Kazakhstan iliyokuwa imenunua sehemu kubwa ya mradi, ilikubali kuilipa First Quantum dola bilioni 1.25 kwa mali zake zilizobaki Kongo na kwa kuyaacha madai. Hiyo ndiyo suluhu! Uamuzi ulikatizwa na suluhu. Ukiviita vyote usuluhishi, sentensi hiyo haiandikiki.

Neno hili lina uzito kwa mfanyabiashara wa Lualaba, jimbo lenye Kolwezi, anayetia saini mkataba na mnunuzi wa ng'ambo. Mwaka 2014 Kongo ilijiunga, ikiweka masharti yake, na Mkataba wa New York wa 1958 unaozitaka mahakama za nchi zitekeleze hukumu za waamuzi wa nje. Akisoma “usuluhishi Paris” atadhani ameahidiwa kikao cha wazee, kumbe ameiacha mahakama ya Kolwezi na kukubali hukumu inayoweza kumfuata hadi nyumbani.